Kokoto Irudi Kwenye Chemchemi

Ukifika kwenye chemchemi iliyojengwa vizuri, katika vijiji vya Bukoba au kwenye miteremko ya Kamachumu wilayani Muleba, hutaona mengi ya kusifia. Kuna ukuta mfupi wa mawe, mabomba mawili yanayomwaga maji, sakafu ya zege ya kuwekea madumu na ngazi chache za kupandia. Mtu aliyezoea majengo makubwa atauliza fundi alikuwa akifanya nini siku zote zile. Jibu liko nyuma ya ukuta, chini ya majani yaliyokwisha kuota: mawe yaliyooshwa na kupangwa kwa mkono, kokoto juu yake kwa ukubwa unaopungua, kisha udongo wa mfinyanzi uliokandwa hadi ukakataa kupitisha tone. Kazi ya fundi wa chemchemi ikikamilika hufukiwa. Sehemu yake iliyo bora kuliko zote haionekani tena na mtu yeyote, labda siku itakapobomoka.

Nataka kuusifu ufundi huu bila haraka, na nina sababu. Mawe na kokoto anazozirudisha fundi huyu ardhini ni za aina ile ile inayochimbwa kila siku kwenye vijito na miteremko ya eneo hilo hilo na kupakiwa kwenye malori. Mchimbaji huliona jiwe kuwa bidhaa inayongoja mnunuzi. Fundi wa chemchemi anajua kwamba jiwe lilikuwa kazini kabla halijachimbwa. Lilikuwa linatunza maji.

Mgeni akiambiwa kwamba Bukoba kuna shida ya maji, hucheka. Mji umekaa kando ya Ziwa Victoria, na mvua inayonyesha pale ni karibu milimita 2,000 kwa mwaka, kiasi ambacho mikoa mingi ya Tanzania hukisikia tu. Hekta moja ya shamba hupokea lita zipatazo milioni 20 kwa mwaka. Lakini ziwa liko chini na watu wako juu. Vijiji vingi vya Bukoba Vijijini na Muleba vimejengwa juu ya matuta marefu ya mwamba, mita mia moja na zaidi kutoka usawa wa ziwa, na kuyapandisha maji hadi huko kunahitaji pampu, umeme na fedha ya kuulipia. Kwa hiyo tangu zamani maji ya kijiji yamekuwa yale yanayotoka yenyewe ubavuni mwa kilima, chini ya vibanja vya migomba.

Matuta hayo yamelala kutoka kaskazini hadi kusini, sambamba na ufuko. Ndiyo maana mto Ngono, ambao mtu angedhani ungekwenda moja kwa moja ziwani, hufuata bonde kuelekea kaskazini hadi kuingia mto Kagera. Mwamba wa matuta ni jiwe la mchanga, la kale sana, na wanajiolojia waliupa mfumo wake jina la Bukoba. Jiwe hilo lina nyufa nyingi. Mvua ya Machi hadi Mei ikipiga, sehemu yake huteremka juu juu na kuondoka na udongo. Sehemu nyingine huzama, hushuka ndani ya nyufa kidogo kidogo hadi ikutane na tabaka lisilopitisha maji, mara nyingi la mwamba uliotokana na tope la kale. Hapo maji hugeuka, hutambaa kwa upande, na hatimaye hutokeza pale mteremko unapolikata tabaka hilo. Hapo ndipo lilipo jicho la chemchemi. Chini yake, kwenye kitanda cha kijito, maji huendelea na safari, mengine juu ya mchanga na changarawe, mengine ndani yake.

Kijito kinachotiririka Agosti, wakati mvua imekatika tangu Juni, kinatiririsha mvua ya Aprili. Kilichoichelewesha njiani ni mawe. Yaondoe mawe, na mvua ya Aprili itafika ziwani Aprili ile ile.

Si haki kumlaumu mchimbaji peke yake. Nyumba, madarasa, zahanati, makalvati na barabara vyote vinakula mchanga, mawe na kokoto. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliangusha nyumba nyingi Bukoba na wilaya jirani, na kila nyumba iliyosimama upya ilihitaji msingi. Kando ya barabara utawaona kina mama wamekaa chini ya kivuli cha turubai, nyundo mkononi, wakigonga jiwe hadi liwe kokoto, wakiuza kwa ndoo au kwa tripu ya lori. Ni kazi ya jasho, na inasomesha watoto. Anayelala ndani ya nyumba yenye msingi wa mawe na sakafu ya zege hana haki ya kuidharau.

Ila hesabu lazima ifanywe. Mchanga na changarawe safi vikishiba maji, kila mita moja ya ujazo huweza kuachia takribani robo yake, yaani lita 250. Lori lililobeba mita 4 za ujazo kutoka kitandani mwa kijito limeondoka na nafasi ya lita 1,000. Nafasi hiyo haikuwa ya kujazwa mara moja tu. Kila msimu wa mvua ilijaa, na kila kiangazi ilitoa ilichokuwa nacho. Tripu kumi ni ghala la lita 10,000 lililohamishwa. Mafuriko hurudisha mchanga kidogo kidogo. Changarawe hukawia sana kurudi. Mwamba wa kilima haurudi.

Hasara ya pili iko kwenye kina. Kitanda cha kijito kikichimbwa mita moja, maji yaliyo ndani ya kingo zote mbili hushuka kukifuata. Chemchemi iliyokuwa ukingoni hukauka, na kisima kilichochimbwa kwa mkono bondeni hurefushiwa kamba. Shimo la machimbo likichimbwa hadi likakuta maji, hugeuka bwawa. Maji ya ardhini huvutwa kulielekea, nalo jua huyala kuanzia asubuhi hadi jioni. Tope la kuoshea mchanga nalo huteremka na kuziba vinyweleo vya kitanda kilichobaki, hata mvua inayofuata isipate pa kuingilia.

Hapo ndipo anapoitwa fundi, na yeye huanza kwa kukaa na kutazama. Huja kiangazi, Julai au Agosti. Wakati wa masika kila mteremko wa Bukoba unatoa maji, na anayejenga Aprili anaweza kukijengea ukuta kidimbwi kitakachokufa Juni. Kiangazi huchuja: macho ya uongo hufumba, yaliyobaki wazi ndiyo ya kuaminiwa. Fundi hutafuta majani yaliyobaki mabichi wakati mengine yamekauka, udongo mweusi unaonata, mahali ambapo ng'ombe hupenda kusimama. Kisha huwauliza wazee, hasa wale waliochota maji maisha yao yote. “Bibi, mwaka ule wa ukame mkubwa mlikuwa mkichota wapi?” Jibu la bibi, “Pale chini ya mtoma, waitu, hapajawahi kutukatalia,” humwokolea kuchimba kwingi kwa kubahatisha.

Baada ya hapo hupima, na vyombo vyake ni dumu na saa. Dumu la lita 20 likijaa kwa sekunde 80, chemchemi inatoa robo lita kila sekunde, na kwa siku nzima lita 21,600. Sera ya Maji ya mwaka 2002 iliweka lengo la lita 25 kwa kila mtu kwa siku, ndani ya mita 400 kutoka nyumbani. Kwa kipimo hicho maji hayo yangewatosha watu zaidi ya 800. Lakini fundi hajidanganyi na hesabu ya karatasini. Chemchemi hailali, watu hulala, na maji ya usiku kucha hupita bila kuchotwa. Ikiwa wachotaji ni wengi atashauri lijengwe tangi la kuyapokea maji ya usiku, na kama ni wachache atayaacha yaende zake kijitoni, maana kijito nacho kina watu wake huko chini.

Hupima pia tabia ya maji. Chemchemi ambayo hubadilika rangi saa chache baada ya mvua inakunywa maji ya juu juu, pengine yaliyopita mashambani au karibu na choo. Ile ambayo hubaki baridi adhuhuri na safi siku ya mvua imetoka mbali ndani ya mwamba. Hiyo ya pili inastahili saruji. Ya kwanza inastahili uchunguzi zaidi.

Sasa achimbe, na hapa methali inamkaa vizuri: maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Chemchemi ikishafunguliwa haiwezi kuachwa nusu, kwa kuwa kijiji kizima kinaitegemea na kila siku ya kuchelewa ni siku ya kuchota tope. Kwanza hukata mfereji wa pembeni ili maji yapite wakati yeye anafanya kazi. Halafu hufuata maji kinyumenyume kuingia ndani ya mteremko, kwanza kwa jembe, kisha kwa sururu, na mwishoni kwa vidole. Mara nyingi jicho lililoonekana nje ni muungano wa macho matatu au manne yaliyofichwa na kifusi. Hufuata kila moja hadi alione maji yakitoka kwenye ufa wa jiwe au juu ya tabaka gumu.

Kujua mahali pa kuacha ndilo jambo linalomtenganisha fundi na mchimba shimo. Lile tabaka lisilopitisha maji ndilo sakafu iliyoyabeba maji hadi hapo. Pigo moja la mtaimbo lililozidi linaweza kulitoboa, na maji yaliyokuja kwa karne nyingi yakazama na kuhama. Hakuna kipimo cha dukani kinachomwonya. Humwonya mlio wa chuma unaobadilika, rangi ya udongo inayogeuka kutoka kahawia kwenda kijivu, na utelezi chini ya nyayo. Anayejifunza kazi huambiwa avue viatu, kwa kuwa nyayo hutangulia kujua.

Kanuni kubwa kuliko zote ni kwamba maji yasipandishwe. Chemchemi ina usawa wake. Ukilijengea jicho ukuta na kuyalazimisha maji yapande hata kwa shubiri moja ili yafike kwenye bomba, yatasukuma kurudi nyuma, yatatafuta ufa mwingine, na huenda yakatokea kwenye kiwanja cha jirani au yasitokee popote. Chemchemi nyingi zilizojengwa kwa bidii na saruji tele zilikufa kwa kosa hilo. Fundi mzuri huliweka bomba la kutolea maji chini kidogo ya jicho. Hupima kwa mpira mwembamba unaoonyesha ndani uliojazwa maji, ncha moja kwenye jicho na nyingine kwenye alama ya ukuta, akiyaacha maji yenyewe yamwambie usawa wao. Ni ujenzi unaokubali kuongozwa na kile unachokijengea, na kwangu hiyo ndiyo adabu ya kazi hii.

Kisha zinakuja siku za mawe. Si kila jiwe linafaa. Jiwe la mchanga la Bukoba lina aina nyingi. Lipo linalomeguka kwa kucha na lipo linalokataa nyundo. Fundi huligonga na kusikiliza. Likilia kwa sauti kali ni zima. Likijibu kwa sauti ya kuzimika lina ufa au limeoza, nalo hutupwa pembeni. Yaliyochaguliwa huoshwa. Kibarua mgeni huona kuosha mawe kuwa upuuzi, lakini vumbi linaloingia na mawe leo litakuwa tope mwakani, na tope hilo litaziba nafasi ambazo maji yalitakiwa kukaa. Kokoto nazo hupimwa: huwekwa kwenye chupa yenye maji safi na kutikiswa, na maji yakichafuka zinarudishwa kuoshwa.

Mawe makubwa hukaa kwanza, kuzunguka jicho, yakipangwa kwa mkono. Fundi haruhusu yamwagwe kwa karai, kwa sababu jiwe likiangukia jicho linaweza kulifunga. Kila moja hugeuzwa hadi likae bila kutikisika, na kati yake na jirani yake ibaki nafasi ya maji kupita. Juu yake huja mawe ya ukubwa wa ngumi, kisha kokoto, kisha changarawe. Mpango huo ukigeuzwa, changarawe itadondokea katika nafasi za mawe makubwa na kuzijaza. Ukifuatwa, kila safu huibeba iliyo juu yake na kuizuia isizame. Fundi anajenga upya, ndani ya shimo la ukubwa wa chumba kidogo, kile ambacho kijito kilikuwa nacho bure: mawe safi yenye nafasi kati yake, yanayopokea maji bila kuyachafua na kuyaachia bila pupa.

Baada ya changarawe huja mfinyanzi. Huchukuliwa bondeni, na hujaribiwa kwa kuusokota kati ya viganja hadi uwe kama kamba, kisha kuipinda kamba hiyo iwe pete. Isipopasuka, udongo unafaa. Hukandwa kwa miguu na maji kidogo, huondolewa mizizi na vijiwe, hutandazwa kwa tabaka na kushindiliwa. Mfuniko huo hufanya kazi mbili: huyazuia maji ya mvua yasishuke moja kwa moja kwenye ghala, na huyazuia ya ghala yasipande. Mfinyanzi huohuo hushindiliwa pia chini ya msingi wa ukuta, maana maji yanayopita chini ya ukuta huubomoa taratibu, na wanakijiji hushtuka siku mabomba yamekauka huku ukuta umesimama bila kovu.

Ukuta wenyewe, ambao wapita njia huudhania kuwa ndiyo kazi, huchukua sehemu ndogo ya akili ya fundi. Anahitaji timazi, pimamaji na mwiko, na msingi ulioingia kwenye udongo mgumu. Mabawa yake mawili hushika mteremko usiporomoke. Bomba la kuchotea hukaa juu kiasi cha dumu kusimama chini yake bila kuinamishwa. Juu kidogo huwekwa bomba la ziada kwa ajili ya masika, ili maji mengi yapate pa kutokea bila kusukuma nyuma, na chini kabisa moja la kusafishia, lenye kifuniko. Ngazi hujengwa fupi fupi, kwa kufikiria mguu wa mtoto wa shule na shingo ya mama mwenye ndoo kichwani. Maji yanayomwagika huongozwa kwa mfereji hadi kijitoni au kwenye migomba, yasituame na kulea mbu.

Mwisho huchimbwa mfereji wa kinga juu ya chemchemi, hatua kadhaa kutoka ukutani, kuyageuza maji ya mvua yanayoteremka na uchafu. Uzio wa miti hai huwekwa kuzuia mifugo. Vyoo havitakiwi ndani ya mita 30, hasa upande wa juu. Juu ya mfuniko hupandwa majani, kamwe si mti, kwa sababu mizizi hutafuta maji na itapasua mfinyanzi kuyafikia. Ghala husafishwa kwa klorini, maji huachwa yatiririke siku chache, kisha watu huruhusiwa kuchota. Hotuba za uzinduzi hutolewa siku hiyo. Fundi mwenyewe hungoja Agosti ya mwaka unaofuata, arudi na dumu lake na saa yake, apate hukumu.

Fundi aliyekomaa huinua macho juu zaidi ya mfereji wa kinga. Chemchemi ni mahali maji yanapotokea. Mahali yanapoingia ni kilima chote kilicho juu yake. Huko juu ufundi unaendelea kwa zana rahisi zaidi: miti mitatu iliyofungwa umbo la herufi A, kamba, na jiwe lililoning'inizwa katikati. Kwa chombo hicho wakulima hupata mstari wa usawa unaozunguka kilima, wakachimba mtaro juu yake na kurushia udongo upande wa juu, mtindo unaojulikana Afrika Mashariki nzima kwa jina la fanya juu. Mvua iliyokuwa ikikimbia husimama mtaroni na kuzama. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, mradi wa Kagera TAMP wa FAO ulifanya kazi na wakulima wa nchi nne za bonde la mto Kagera katika mambo ya namna hii.

Mashimo ya machimbo yaliyoachwa yanaweza kuingizwa katika ufundi huo. Kifusi na mawe mabovu yasiyouzika hurudishwa chini, udongo wa juu uliowekwa pembeni tangu mwanzo hutandazwa mwishoni, na kingo za shimo hulazwa zisiporomoke. Katika makorongo hupangwa vizuizi vya mawe bila saruji, vifupi, vingi, kimoja juu ya kingine kufuata mteremko, katikati yake pakiwa chini kuliko kando ili mafuriko yapite pasipo kung'oa kingo. Maji hupenya polepole kati ya mawe, mchanga hubaki nyuma, na kitanda cha korongo huanza kupanda tena. Wakamba wa Kitui, Kenya, wameufikisha ufundi wa aina hii mbali: tangu miaka ya 1990, vikundi vya wananchi pamoja na shirika la SASOL vimejenga mamia ya mabwawa ya mchanga kwenye mito ya msimu, na katika kiangazi kikali watu huchota maji yaliyohifadhiwa ndani ya mchanga. Katika jimbo la Sikkim, India, serikali ilianza mwaka 2008 mpango wa kuchimba mitaro milimani kwa lengo moja tu, kuzihuisha chemchemi zilizokuwa zikikauka huko chini.

Wahaya hawakungoja mradi ili kulijua hili. Kibanja cha kale, migomba juu, kahawa chini yake, na ardhi yote kutandazwa nyasi zilizokatwa kwenye rweya, nyanda za majani zilizo nje ya vibanja, ni mtego wa mvua ulio kamili. Tone hupiga jani la mgomba, huangukia nyasi, halipigi udongo. Hakuna mahali kwenye kilima ambapo maji huzama vizuri zaidi. Kibanja kinapodhoofika, nyasi zikaisha na migomba ikakatwa, chemchemi ya chini hupata habari kabla ya soko la ndizi. Na miti ina nafasi yake. Mikaratusi iliyopandwa kwenye mabonde na kuzunguka macho ya maji hunywa sana na inapaswa kuondoka huko. Mitoma, misambya na mihumula ilikuwa pale kabla yake, na chemchemi ziliishi nayo.

Sifa hizi zote zisimfanye mtu aamini kwamba fundi anaweza kulifuta kosa lolote. Mawe anayoyapanga nyuma ya ukuta kwa siku nyingi, lori moja huyabeba kwa tripu moja. Kilima kilichokatwa hadi chini ya usawa wa jicho hakina tena maji ya kumpa, hata aje na mfinyanzi bora wa Kagera yote. Ufundi wake ni wa kuokoa kilichobaki na kukiongezea muda. Ndiyo maana sheria ni zana yake pia, sawa na mwiko. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu au zenye kuharibu ndani ya mita 60 kutoka mtoni na ziwani, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 nayo inalinda vyanzo vya maji kwa umbali huo. Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, yenye makao yake Mwanza, ndiyo inayosimamia rasilimali hizo. RUWASA, Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini ulioanzishwa mwaka 2019, unahudumia maji ya vijijini pamoja na vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii. Mita 60 zinahesabika kwa hatua. Mwenyekiti wa kijiji hahitaji kumngoja mtaalamu wa kumhesabia.

Kwa hiyo neno langu ni kwa serikali za vijiji vya Bukoba na Muleba, ambako maombi ya kuchimba hufika mezani kabla lori halijafika kijitoni. Kabla ya kukubali, pimeni chemchemi zote zilizo chini ya machimbo, mwezi Agosti, kwa dumu na saa, na mwandike kwenye daftari la kijiji. Kataeni uchimbaji wowote unaoshusha kitanda cha kijito. Katika ushuru wa kila tripu, tengeni sehemu ya kumlipa fundi wa chemchemi na kijana mmoja wa kujifunza kwake, maana ufundi unaofukiwa ardhini husahaulika upesi usipopata mrithi. Na katika kila machimbo, yachagueni mawe yanayolia vizuri chini ya nyundo, myaweke kando kwa ajili ya maji kabla ya kuuza mengine. Kijiji kinachouza mawe yake kwa tripu na kisha kununua maji kwa dumu kimefanya biashara ya hasara.